Mtu wa Jiwe katika Kamusi Elezo: Uhakiki wa Makala juu ya Lwanda Magere

Utangulizi

Miongoni mwa mashujaa wanaosimuliwa katika mwambao wa Ziwa Victoria upande wa Kenya, ni wachache waliovuka mipaka ya lugha yao kama Lwanda Magere, shujaa wa Kano, ambaye husemekana kwamba mwili wake ulikuwa wa jiwe. Waluo humsimulia kwa Dholuo. Walimu wa shule za sekondari humtaja wanapofundisha fasihi simulizi, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Mwaka 1991 Okoiti Omtatah, mzaliwa wa Busia, alichapisha tamthilia ya Kiingereza yenye jina la shujaa huyo. Hatua nyingine katika safari hii ni kuingizwa kwake katika kamusi elezo, na hatua hiyo haijapata uhakiki unaostahili.

Uhakiki huu unayaangalia makala ya Kiingereza juu ya Lwanda Magere yaliyomo katika Wikipedia, kamusi elezo iliyoanzishwa mwaka 2001 na kupata tawi lake la Kiswahili mwaka 2003. Kwa kuwa makala ya kamusi hiyo huandikwa na watu wengi na maneno yake hubadilishwa mara kwa mara, si busara kuyapima kwa sentensi moja moja. Kinachopimwa hapa ni utaratibu wake wa jumla: shujaa anatajwa kabila lake, kisha maisha yake yanasimuliwa kwa mfuatano, yaani nguvu zake, ndoa yake, siri yake, kifo chake na jiwe aliloliacha. Utaratibu huo umezoeleka pia nje ya kamusi hiyo, katika vitabu vya marejeo na katika madondoo ya wanafunzi. Kwa hiyo yanayosemwa hapa yanavihusu hivyo vyote.

Hoja ya uhakiki huu ni kwamba makala hayo yanasimulia yaliyomo katika hadithi bila kuieleza hadithi yenyewe. Msomaji hupewa matukio, lakini hapewi habari ya nani huyasimulia, wapi, kwa nini, na kwa tofauti gani. Matokeo yake ni kwamba huachiwa njia mbili tu: ama amkubali Lwanda Magere kama mtu wa historia mwenye wasifu, ama amtupe kama kiumbe cha kubuniwa. Njia zote mbili si sahihi. Na kwa kuwa hadithi hii inawahusu majirani ambao hadi leo wanaishi pamoja, wakauziana na kuoana, kosa hilo lina uzito unaozidi mipaka ya taaluma.

Kisa chenyewe

Kisa husimuliwa hivi katika masimulizi mengi. Lwanda Magere, ambaye hutajwa kuwa wa ukoo wa Sidho, aliwashinda maadui wa Kano katika vita vya mara kwa mara, kwani mikuki na mishale ilimgonga ikaanguka. Maadui hao, ambao Waluo huwaita Lang'o, walipokwisha kukata tamaa, wakamtoa binti mzuri aolewe naye. Siku moja shujaa akaugua wakati mke wake wa kwanza hayupo. Akamwamuru mke mgeni achukue wembe, asichanje mwili bali kivuli chake, kisha atie dawa hapo. Mwanamke akachanja, akaona damu ikitoka kivulini. Akatoroka usiku akarudi kwao na habari. Vita vilipozuka tena, mkuki ukatupwa kwenye kivuli. Shujaa akaanguka, akageuka jiwe. Jiwe hilo huonyeshwa hadi leo katika uwanda wa Kano, na husemwa kwamba mwindaji akinoa silaha yake juu yake hufanikiwa mawindoni.

Makala ya kamusi elezo yanastahili sifa kwa kuhifadhi mfululizo huu bila kuupotosha sana. Msomaji wa mbali, ambaye hajapata kufika Kisumu wala kulisikia jina la Kano, hupata kiini cha kisa kwa dakika chache. Hiyo si huduma ndogo kwa fasihi ambayo kwa muda mrefu ilipatikana kwa wasikilizaji wake tu, au katika vitabu vya Dholuo ambavyo wengi hawawezi kuvisoma. Hata hivyo, ni hapo kwenye kusimulia kisa ndipo udhaifu wa makala unapoanza.

Suala la wakati katika kitenzi

Kamusi elezo inapomweleza Sherlock Holmes, haianzi kwa kusema kwamba mtu huyo aliishi London na kuwakamata wahalifu. Huanza kwa kusema kwamba ni mhusika aliyebuniwa na Arthur Conan Doyle na kwamba alijitokeza kwa mara ya kwanza mwaka 1887. Baada ya hapo msomaji anaweza kusimuliwa lolote bila kupotea, kwa maana ameonyeshwa mlango wa hadithi na ameona kwamba anaingia ndani. Lwanda Magere hana Conan Doyle wake. Hana mwandishi wala mwaka wa kuchapishwa. Mahali pa mwandishi pamebaki wazi, na makala, badala ya kupajaza kwa kuwataja wasimulizi, yanapita kana kwamba hapakuwa na pengo.

Lugha ya Kiingereza inasaidia kulificha kosa hilo. Wakati uliopita wa Kiingereza hutumika kwa namna moja katika wasifu wa gavana na katika ngano ya sungura. Msomaji hana dalili ya kisarufi ya kumwonya. Kiswahili kina vifaa zaidi. Kiambishi -li- huweka tendo katika wakati uliopita na kulithibitisha. Kiambishi -ka- hulifuatanisha tendo na lililotangulia, nacho ndicho moyo wa usimulizi wetu: akaoa, akaugua, akachanjwa, akafa. Kiambishi hu- huonyesha mazoea, na kwa hicho mwandishi anaweza kusema "husimuliwa", akawapa wasimulizi dhamana ya habari. Mtarajumani wa Kiswahili anayeyageuza makala ya Kiingereza analazimika kuchagua miongoni mwa vifaa hivi. Akiandika "alizaliwa, aliishi, aliuawa" tangu mwanzo hadi mwisho, huwa ametoa hukumu ya kihistoria ambayo pengine hata mwandishi wa asili hakukusudia kuitoa.

Isidhaniwe kwamba dawa ni kumwita Lwanda Magere mhusika wa njozi. Wataalamu wa fasihi simulizi nchini Kenya huziweka habari za namna hii katika fungu la mighani, ambalo wengine, hasa Tanzania, huliita visakale. Sifa mojawapo ya mighani ni kwamba wenyewe huichukulia kuwa ilitukia, mahali panapojulikana, kwa watu waliokuwa na koo. Ngano ya fisi na sungura haina jiwe la kuonyeshwa. Mighani ya Lwanda Magere inalo. Kumwita mhusika wa kubuniwa, bila maelezo zaidi, ni kuwavua wasimulizi imani yao na kuivua hadithi sifa inayoitenga na ngano.

Tofauti hii huonekana vizuri zaidi Lwanda Magere anapolinganishwa na Gor Mahia. Gor wuod Ogalo, mganga wa Kanyamwa, aliishi hadi zama za utawala wa Waingereza. Maajabu mengi yamemzunguka, na jina lake la sifa lilipewa klabu ya kandanda iliyoundwa mwaka 1968. Kwa Gor, mwandishi wa kamusi elezo anaanza na mtu kisha anaeleza jinsi hadithi zilivyomfunika. Kwa Lwanda Magere anapaswa kuanza na hadithi na jiwe, kisha aeleze jinsi watu wanavyomwamini mtu aliye nyuma yake. Kuwaandika wawili hawa kwa utaratibu mmoja ni kutowaelewa wote wawili.

Suala la majina

Jina la shujaa huandikwa Lwanda na pia Luanda. Katika Dholuo neno hilo lina maana ya mwamba. Anayejua maana hiyo hutambua mara moja kwamba jina, mwili na jiwe la Kano ni kitu kimoja kilichotajwa mara tatu. Asiyeijua, hasa akilikuta jina katika umbo la pili, huenda akakumbuka mji mkuu wa Angola kabla ya kukumbuka shujaa yeyote. Tafsiri ya neno moja ingemfungulia msomaji maana kuliko aya nzima ya kusifu nguvu za shujaa.

Zito zaidi ni jina la maadui. Wasimulizi wa Kano husema Lang'o. Katika matumizi ya Waluo wa Kenya, neno hilo huwajumlisha majirani wa mashariki, yaani Wanandi na Wakipsigis, na pengine hata Wamasai. Lakini nchini Uganda, katika eneo la Lira, wapo watu waitwao Walango, ambao lugha yao ni ndugu ya Kiacholi na ya Dholuo yenyewe. Mwandishi asiyefafanua hili humpeleka msomaji kwa watu wasiohusika. Na anayelitafsiri neno moja kwa moja kuwa "Wanandi" hutenda kosa la upande wa pili: huligeuza jina la jumla, ambalo kwa msimulizi lina maana ya "wale wa ng'ambo ya mpaka", kuwa jina la kabila moja lenye kaunti, viongozi na watoto wa shule wa leo. Msimulizi anaposema Lang'o huwa anataja nafasi ndani ya hadithi. Kamusi elezo inapotaja kabila huwa inawataja watu walio hai.

Suala la kivuli

Ni desturi kumlinganisha Lwanda Magere na Samsoni wa kitabu cha Waamuzi, na wenye elimu ya Kigiriki humtaja Akile na kisigino chake. Kwa wasomaji wa Kiswahili ulinganisho ulio karibu zaidi ni Fumo Liyongo, ambaye utendi wake uliandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Liyongo naye hakuweza kuuawa kwa silaha za kawaida, ila kwa sindano ya shaba iliyochomwa kitovuni.

Ulinganisho huo una manufaa, lakini unaonyesha tofauti kuliko mfanano. Nywele, kisigino na kitovu ni sehemu za mwili. Shujaa amekamilika isipokuwa hapo. Mwili wa Lwanda Magere hauna kasoro popote. Kinachoumia ni kivuli, na neno la Dholuo linalotumika ni tipo. Neno hilo halitaji giza linaloangushwa na jua peke yake. Hugusa pia roho ya mtu. Kwa hiyo hadithi haisemi kwamba jiwe lilikuwa na ufa. Inasema kwamba mtu mwenyewe hakuwa katika jiwe. Uhai wake ulikuwa nje, ardhini, mahali ambapo kila mpita njia hupakanyaga bila kujua. Makala ya kamusi elezo yanayosema tu kwamba kivuli kilikuwa udhaifu wake yameipoteza falsafa yote hiyo kwa kukosa kulitaja neno moja la lugha asilia.

Suala la mke

Ulinganisho na Liyongo unafichua jambo jingine, nalo ndilo kiini cha madai haya. Katika utendi, anayemsaliti shujaa ni mwanawe wa kuzaa, aliyeahidiwa na mfalme kumwoa binti yake. Hatari imetoka ndani ya damu. Katika habari za Lwanda Magere hatari imetoka kwa mke aliyetoka ng'ambo. Hadithi mbili za mashujaa wasiochomeka zinafundisha mambo mawili tofauti juu ya nani aaminiwe, na mhakiki anapaswa kuuliza kwa nini.

Jibu limo katika nchi yenyewe. Uwanda wa Kano umekaa kati ya ziwa na milima ya Nandi. Kwa vizazi vingi ng'ombe walinyang'anywa kuvuka mpaka huo kutoka pande zote mbili. Lakini mpaka huohuo ulikuwa pia soko. Sondu, mahali ambapo Waluo, Wakipsigis na Wagusii hukutana kununua na kuuza, ni ushahidi ulio wazi hadi leo. Ndoa za kuvuka mpaka zilikuwapo na zipo. Hadithi ya binti aliyetolewa ili apatikane shujaa imetungwa na jamii iliyozijua ndoa hizo na kuziogopa kwa wakati mmoja.

Wasimulizi hawakubaliani juu ya mwanamke huyu. Wapo wanaosema alitumwa tangu mwanzo kama mpelelezi. Wapo wanaosema alitolewa kwa amani, na kwamba siri ilimfikia bila ya yeye kuitafuta. Katika masimulizi yote mawili ni shujaa mwenyewe anayemkabidhi wembe, tena baada ya kupuuza onyo la wazee waliomkataza ndoa hiyo. Msimulizi anayelikazia onyo la wazee anasimulia habari ya kiburi cha mwenye nguvu. Anayemkazia mke anasimulia habari ya hila ya adui. Yule anayelikazia gonjwa anasimulia habari ya mtu aliyelazimika kumwamini mgeni kwa kuwa hakuwa na mwingine karibu. Hizo ni hadithi tatu ndani ya kisa kimoja, na uchaguzi ni wa msimulizi mbele ya wasikilizaji wake.

Kamusi elezo huua uchaguzi huo. Muhtasari unapobakiza sentensi moja, yaani kwamba Wanandi walimpa mke ili wapate siri yake, umechagua hadithi ya pili na kuitangaza kuwa habari ya kweli. Hapo ndipo kitenzi cha -li-, jina la kabila na kufutwa kwa wasimulizi hukutana na kuzaa tokeo moja: msomaji anajifunza kwamba watu fulani, wanaojulikana kwa jina, waliwahi kuwaua majirani zao kwa njia ya ndoa.

Nchi hii haina nafasi ya kulipuuza jambo hilo. Tarehe 29 Oktoba 1991, mwaka uleule tamthilia ya Omtatah ilipochapishwa, mapigano yalizuka katika shamba la Meteitei, katika iliyokuwa Wilaya ya Nandi, yakaenea hadi sehemu nyingi za mpaka huo. Kamati teule ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku ilitoa ripoti yake mwaka 1992. Haidaiwi hapa kwamba hadithi ya kale ilisababisha mapigano hayo. Sababu zake zilikuwa za siasa na ardhi. Linalodaiwa ni dogo zaidi na haliepukiki: pale ambapo mpaka umekwisha kumwaga damu katika kumbukumbu za watu walio hai, mwandishi wa marejeo hana ruhusa ya kuiandika tuhuma ya mighani kama kwamba ni kumbukumbu ya mahakama.

Kurudi nyuma kwa taaluma

Linaloshangaza ni kwamba elimu ya kuepuka kosa hili ilikwisha kupatikana nchini zamani. Paul Mboya alichapisha kitabu chake juu ya mila za Waluo, kwa Dholuo, mwaka 1938, na Samuel Ayany akafuata na kitabu cha asili ya Waluo mwaka 1952. Oktoba 1968 Ngugi wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipendekeza katika Chuo Kikuu cha Nairobi kwamba fasihi ya Kiafrika, pamoja na fasihi simulizi, iwekwe katikati ya mafunzo. Katika miaka hiyohiyo Okot p'Bitek alifanya kazi Kisumu na kuanzisha tamasha la sanaa mjini humo. Mwaka 1974 B. Onyango-Ogutu na A. A. Roscoe walitoa mkusanyiko wa fasihi simulizi ya Waluo, na Asenath Bole Odaga wa Kisumu akaipa mkusanyiko wake wa mwaka 1980 jina la Thu Tinda, yaani tamko ambalo kwalo msimulizi wa Kiluo huifunga hadithi yake.

Uteuzi wa jina hilo ulikuwa na maana. Tamko la kufungia humwambia msikilizaji kwamba yaliyosemwa yamesemwa na mtu, mahali, kwa muda, na sasa yamekwisha. Watoto waliolala katika siwindhe, nyumba ya bibi, walilijua hilo bila kufundishwa. Aliyemsikia mpiga nyatiti akiwasifu mashujaa alijua kwamba anamsikia mpiga nyatiti fulani. Kamusi elezo haina tamko la kufungua wala la kufunga. Ndiyo maana ni lazima mwandishi wake afanye kwa maelezo kazi ambayo msimulizi aliifanya kwa desturi.

Hitimisho

Makala juu ya Lwanda Magere hayahitaji kurefushwa sana. Yanahitaji kupangwa upya. Mfano wa ufunguzi unaofaa katika Kiswahili ungeweza kuwa huu:

"Lwanda Magere (Dholuo: lwanda, mwamba) ni shujaa wa mighani ya Waluo wa Kano, mashariki mwa Kisumu. Husimuliwa kwamba mwili wake ulikuwa wa jiwe na uhai wake ulikuwa katika kivuli chake (tipo), na kwamba aliuawa na Lang'o, jina ambalo Waluo wa Kenya huwaita majirani wao wa mashariki, baada ya siri hiyo kujulikana na mke wake aliyetoka kwao. Masimulizi hutofautiana juu ya nia ya mke huyo na juu ya kosa la shujaa mwenyewe. Jiwe lililoko Kano huonyeshwa kuwa ndiye. Waluo wengi humhesabu kuwa mtu aliyeishi, ingawa hakuna maandishi ya zama zake."

Sentensi hizi chache hazimpunguzii shujaa hata mkuki mmoja. Zinamwachia jiwe lake, zinawaachia wasimulizi kauli yao, na zinamwacha mwanamke wa ng'ambo akiwa mtu ambaye nia yake bado inajadiliwa. Idara zinazofundisha lugha za Kiafrika zina wanafunzi wanaoijua Dholuo, Kinandi, Kikipsigis na Kiswahili. Kazi ya kuandika makala ya namna hii ni yao, na ingefaa ianzwe kwa kuwauliza pia wazee wa Nandi na Kericho kama wao nao humsimulia huyo mtu wa jiwe, na kama humsimulia, husema nini juu ya binti yao.